Siki ya Bi Hilwa

Deira, Dubai
20 Mei 2011

Dada Mawadda,

Assalamu alaikum. Barua hii Rukiya wa madera, akija na mizigo yake, atakupa mkononi, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo mpe mama, barua ibaki kwako. Ningepiga simu, lakini simu ya nyumbani kwetu ni redio. Masikio ya mama yamepungua nguvu, mnaiweka sauti ya juu, na mimi nikikohoa huku Deira jirani ananipa pole huko Wete. Ya leo si ya redio.

Kwanza, la kazi. Mwaka wa tatu huu mama anawaambia watu kuwa mwanawe ni mtunza ghala la siki. Nilimwambia mwenyewe. Dada, si siki, ni mvinyo. Kampuni yetu inapelekea mahoteli, na aliyenipa kazi ni Mwingereza tunayemwita sir, baada ya miezi minne ya kuzunguka na vyeti vyangu mpaka viatu vikaniomba ruhusa. Sijaonja hata tone, wallahi. Lakini makasha nayapokea mimi, nayapanga mimi. Siku mama aliponiuliza kwenye simu, "Humo ghalani mna nini, mwanangu?" niliangalia chupa zilizo mbele yangu, nikacheka, nikasema siki. Neno lilitoka lenyewe.

Pili, fedha za mama. Zile alizopata alipouza mikarafuu yake ya Mtambwe, akaniletea mimi nimwekee tayari kwa Hija. Zinatosha mtu mmoja na kidogo juu. Na unajua mama peke yake hawezi, kwa magoti yale na masikio yale. Anataka aushike mkono wangu.

Sasa sikiliza. Kila mwaka majira haya Wafaransa huuza mvinyo ambao bado umo mapipani. Haujatiwa chupani. Wanakuja waonjaji, wanaupa alama kama wewe unavyosahihisha madaftari, halafu wenye mashamba wanataja bei. Unalipa leo, unapewa karatasi, mali inakuja baada ya miaka miwili, na wakati huo bei imeshapanda. Zabibu za mwaka 2010 zinasifiwa kupita kiasi. Sir ananunua nyingi na ameturuhusu sisi wafanyakazi tuongeze makasha yetu juu ya yake. Yataandikwa jina lake, maana Muislamu hapewi kibali cha kitu hiki.

Najua utakavyokunja uso. Lakini kwani hili si letu? Babu hakuwa akiuza karafuu ziko mtini? Mnunuzi anakuja, anatazama matawi, anakisia, analipa, na mvua ikiharibu ni bahati yake. Mimi sitaugusa wala kuunywa. Nitanunua karatasi, nitauza karatasi, nipate fedha za watu wawili, nije nimchukue mama.

Mwisho wa kulipa ni tarehe kumi na saba Juni. Nijibu kabla. Ukisema hapana, ni hapana.

Nduguyo,
Nabhan


Wete, Pemba
4 Juni 2011

Nabhan,

Waalaikumu ssalaam. Nimeisoma barua yako chooni, mahali pekee penye komeo katika nyumba hii.

Hapana.

Ulitaka jibu, hilo ndilo. Ukitaka na sababu, nakupa, maana mwalimu hawezi kuandika neno moja akanyamaza. Karafuu aliyouza babu mtini, ilipoanguka ilianguka karafuu. Hiyo yako ikishuka kutoka kwenye pipa itakuwa nini? Na hiyo karatasi unayoisema, imeandikwa nini juu yake, juisi? Usinifanye mtoto wa darasa la pili. Halafu fedha zile si zako wala zangu. Miti ile mama alipewa na baba yake siku ya arusi, na siku alipoiuza alikwenda kuiaga mmoja mmoja, akaipapasa. Fedha safi kama zile unataka kuzipitisha ndani ya pipa la mvinyo, kisha uende nazo kutufu Kaaba?

Kwa kazi yako sikuhukumu. Miezi minne ya njaa sikuila mimi. Kwa mama nitanyamaza, lakini ujue umenibebesha.

Mpeleke mwaka huu huu. Kama fedha ni za mtu mmoja, azima kilichopungua, au niuze bangili zangu. Ameshashona nguo zake nyeupe. Kila asubuhi anazunguka ua mara saba, anasema anazoesha magoti.

Anakusalimu. Anasema mtu mwenye ghala zima la siki hashindwi kumletea mamake chupa moja atie achari. Maembe mwaka huu yameanguka mengi. Mimi nilitazama chini.

Nduguyo,
Mawadda


Deira
9 Julai 2011

Dada,

Barua yako imenifikia tarehe ishirini Juni. Rukiya alichelewa kwa ajili ya mizigo yake ya madera. Nilikuwa nimeshalipa tarehe kumi na saba.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Makasha manne, chupa arubaini na nane, za shamba lenye jina. Hesbon ananiambia nimeokota. Hesbon ni Mkenya wa Taita, yeye ndiye muonjaji wetu. Anazungusha gilasi, ananusa, anatema, mwisho wa siku anarudi nyumbani hana hata tone tumboni. Kazi za watu hizi! Alinishika bega akasema, "Buda, ningekuwa na doo ningeweka yote." Mtu anayekijua kitu namna ile anasema angeweka pesa zake zote, mimi ni nani nibishe?

Mwambie mama kwamba nafasi za mwaka huu zimejaa. Ni kweli karibu, zinajaa kila mwaka. Mwambie mwaka 2013 tunakwenda wawili, inshallah, na nitamkodia na kiti cha magurudumu.

Kuhusu siki, mwambie ndege hairuhusu maji ya chupa.

Nduguyo,
Nabhan


Wete
14 Novemba 2011

Nabhan,

Nimemwambia kama ulivyotaka. Nilimwambia huku tunachambua mchele, ili nisimtazame. Akasema, "Alhamdulillahi, aliyeitwa ndiye anayekwenda, mimi bado sijaitwa." Akaendelea kuchambua. Siku mahujaji wa hapa mtaani walipoondoka alikwenda kuwaaga, akawapa kila mmoja jina lake wamtaje kule. Akarudi akazikunja nguo zake nyeupe, akaweka karafuu katikati zisiliwe na wadudu.

Karafuu zenyewe amezinunua dukani. Bei imepanda, Serikali imetangaza, watu wanajenga nyumba. Aliyenunua miti ya mama mwezi wa Januari amekwisha rudisha fedha yake kwa mavuno ya mwaka mmoja. Sikuandikii haya kukuumiza. Basi, nakuandikia kukuumiza. Nimechoka kuumia peke yangu.

Jana kwenye simu alikuuliza tena siki, ukacheka, ukasema mwakani. Usiwe unacheka.

Mawadda


Deira
3 Septemba 2013

Dada yangu,

Mvinyo umefika. Nimeyapokea makasha yangu mwenyewe, nikayapanga pembeni, nikakaa nayatazama nimevaa sweta. Mule ndani ni baridi kama Desemba ya Wazungu, nje lami inayeyuka.

Bei imeshuka.

Hesbon amenieleza vizuri safari hii, na nilimwomba asinionee haya. Anasema mwaka ule tulionunua sisi wenye mashamba walitaja bei ya juu ambayo haijapata kutajwa, kwa sababu Wachina walikuwa wananunua kama vichaa. Kisha Wachina wakaacha. Leo chupa ile ile unaipata dukani, imekwisha tiwa kizibo, rahisi kuliko tuliyolipa sisi ilipokuwa bado pipani. Nikamuuliza, "Sasa faida ya kulipa mapema ilikuwa nini?" Akasema, "Mwaka mwingine inalipa, mwingine hailipi. Hii yako ni ya kungoja, buda. Miaka kumi, kumi na tano. Ikifika 2025 utanishukuru."

Mwaka 2025 mama atakuwa na miaka themanini.

Nikiuza leo napata nauli ya mtu mmoja tu, na upungufu kidogo. Nikingoja, nani ajuaye. Nishauri. Safari hii nitasikia.

Nabhan


Wete
2 Februari 2014

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa na mimi miezi mitano kwa sababu sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Mjomba Zahor anakwenda Hija mwaka huu na mkewe. Amekuja mwenyewe hapa, amekaa kwenye mkeka, amesema, "Dada yangu Hilwa nitamshika mkono mimi." Yeye ni ndugu yake wa tumbo moja, hakuna neno. Kwa hiyo nauli ya mtu mmoja ndiyo tunayotaka. Ile ile uliyokuwa nayo mwaka 2011.

Uza. Uza kwa hasara, uza kwa Myahudi, uza kwa shetani. Upungufu nitajazia bangili. Mjomba anasema fedha zinatakiwa kabla ya katikati ya Agosti, baada ya hapo orodha inafungwa. Najua fedha ya mvinyo ni nini, na sijalala nikilifikiria. Nimejiambia kwamba ile ya mama ilikuwa safi ilipoondoka mikononi mwake, na itakayorudi ni sehemu ya ile. Kama si hivyo, dhambi iwe yangu na yako, si yake. Yeye hajui kitu.

Sasa hawezi kuzunguka ua mara saba. Anazunguka mara mbili, anakaa kwenye ngazi, anavuta pumzi. Ukimuuliza anasema anahesabu kuku.

Harakisha.

Mawadda


Deira
6 Julai 2014

Dada,

Ramadhani karimu. Nina habari ya kukufurahisha, nayo ni hii: nimepata mnunuzi. Mlebanoni mwenye mgahawa, anataka makasha yote manne, na bei yake si mbaya. Ukiongeza bangili moja tu, mama yumo kwenye orodha.

Alikuja juzi na fedha taslimu mkononi. Akasema, "Yalla, habibi, nipakie." Dada, ilikuwa baada ya Alasiri, nimefunga, midomo imekauka. Niliangalia zile fedha nikaona siwezi. Nimefanya mengi ambayo sitaki kuyahesabu, lakini kuuza mvinyo na saumu kinywani, hapo sijafika. Nikamwambia baada ya Idi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mvinyo wako hauendi msikitini. Khalas, baada ya Idi."

Idi ni mwisho wa mwezi, orodha inafungwa kati ya Agosti. Wiki mbili zipo katikati. Mwambie mjomba aandike jina la mama.

Na mwambie mama. Mwambie kabisa, kwa sauti, asikie: anakwenda.

Nabhan


Deira
9 Agosti 2014

Dada Mawadda,

Uliponipigia nilikata simu. Nisamehe. Nilisikia sauti ya mama nyuma yako anauliza, "Ndiye?" nikashindwa.

Ghala lilifungwa siku nne za Idi. Siku ya kwanza mtambo wa baridi ulizimika, na hapakuwa na mtu. Nje ilikuwa digrii arubaini na sita. Tulipofungua, harufu ilitupokea mlangoni. Vizibo vilikuwa vimesukumwa juu na joto, vingine vimetoka kabisa, mvinyo umetiririka kwenye mbao na sakafuni mwekundu mpaka kwenye mlango. Hesbon alivua viatu akatembea ndani. Kisha akaonja chupa moja, akatema, akaniangalia mimi.

Mlebanoni alikuja siku ile ile kama tulivyoahidiana. Alisimama, akatikisa kichwa, akanipa pole. Bima imelipia mali ya kampuni. Makasha yangu hayakuwamo kwenye hesabu ya kampuni, wala hayakuwa na karatasi yenye jina langu. Sir anasikitika, kweli anasikitika, lakini hana la kufanya.

Kwa hiyo hakuna fedha. Siyo pungufu, siyo kidogo. Hakuna.

Ningeuza siku ile na saumu yangu, mama angekuwa anafunga mzigo sasa hivi. Nimelirudia hili mpaka limekuwa kama wimbo mbaya. Nilitaka kumheshimu Mungu kwa wiki tatu, baada ya kumkosea miaka sita, na ndipo nilipopoteza.

Mwambie mama unavyoona. Mimi sina tena uongo wa kukupa.

Nabhan


Wete
30 Oktoba 2014

Nabhan,

Mjomba Zahor amerudi. Amemletea mama maji ya Zamzam na tasbihi. Mama alikunywa amesimama, ameelekea Kibla, kisha akaketi akasema ana kizunguzungu.

Nilimwambia kwamba fedha zimeharibika kazini, kuna hasara imetokea ghalani, na wewe hukuiba. Akauliza swali moja tu: "Yeye mzima?" Nikasema mzima. Akasema, "Basi." Zile nguo nyeupe hakuzikunja tena. Amezitundika nyuma ya mlango.

Sasa nikuambie jambo langu. Barua yako ya Ramadhani ilinifikia siku mbili kabla ya Idi. Nilipofika pale ulipomwambia yule mtu angoje, nilifurahi. Niliinua mikono nikasema, alhamdulillahi, ndugu yangu ana haya bado. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Kama ungeniuliza siku ile ningekwambia vile vile: subiri mwezi uishe.

Daktari wa Chake anasema ni moyo. Ametupa vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Njoo, Nabhan. Njoo hata mikono mitupu. Ukishindwa, tuma hiyo chupa ya siki ununue dukani huko, umdanganye na hili pia, maana bado anaitaja.

Mawadda


Deira
1 Machi 2015

Dada yangu mpenzi,

Soma hii umekaa.

Likizo sir ameninyima mpaka Mei, ghala linajengwa upya. Lakini wiki iliyopita tulipokuwa tunahamisha mabaki, nyuma kabisa tulikuta kasha langu moja ambalo halikutupwa. Vizibo vimetoka, chupa nne bado zina kitu ndani. Hesbon akanusa, uso ukambadilika. Akatia kidole, akaonja, akacheka peke yake. "Nabhan! Hii si wine tena. Hii ni siki. Tena siki poa kuliko ya hoteli."

Sikumwamini. Nilikwenda Al Warqa kwa maalim mmoja wa Kizanzibari anayesomesha huko, watu wake wamekaa Dubai tangu Mapinduzi. Nikamweleza yote, sikuficha hata la saumu. Akaniuliza, "Mlitia kitu ndani? Chumvi, mkate, chochote?" Nikasema hatukutia, tuliusahau tu. Akasema, "Mvinyo ukigeuka wenyewe ukawa siki, umetoharika, na chupa yake pia. Mpelekee mamako ale kwa raha." Niliushika mkono wake nikaubusu, nikaondoka silijui basi la kupanda.

Ijumaa nitampigia mama. Chupa nimempa Rukiya, imefungwa kwa kanga mbili.

Kabla sijaifunga barua hii kuna jambo moja. Siwezi kutuma kitu kilichotoharika na ndani yake nikaacha uongo. Barua yako ya kwanza, ile ya hapana, haikunifikia tarehe ishirini. Ilinifikia tarehe kumi na tano. Niliisoma kwenye abra, mashua ya abiria, nikivuka kwenda Bur Dubai, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Siku mbili baadaye nikalipa. Rukiya hakuchelewa, masikini. Nilijua unachosema ni kweli, nikaona nikishapata mtasahau wote.

Yote haya mwambie mama. La mvinyo, la fedha, la barua. Au ningoje mimi Mei nimwambie kwa mdomo wangu, kama unaona bora. Nadhani ni bora mimi.

Nabhan


Wete
2 Aprili 2015

Ndugu yangu,

Kwenye simu siku ile nilikupa habari ya kifo tu, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na sikuwa na sauti. Sasa wamekwenda. Nakuandikia yaliyobaki.

Ijumaa ile ulipompigia ukamwambia, "Mama, siki yako inakuja," alipoweka simu akaniambia nimletee maembe mabichi manne. Akayakata mwenyewe kitandani kwa kisu, akayatia chumvi na pilipili, akataka niyaanike juani. Nikamwambia, "Mama, si ungoje siki ifike kwanza?" Akasema, "Safari hii inafika. Leo hakucheka."

Nikamuuliza ana maana gani. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

"Miaka yote nikimwomba siki anacheka kwanza, ndipo anajibu. Na mtu mwenye ghala zima la siki akashindwa kumletea mamake chupa moja, Mawadda, humo ghalani hamna siki. Masikio yangu ndiyo mabovu, akili si mbovu. Sikutaka kumuuliza mna nini, asije akanidanganya mara ya pili. Nikawa namwomba siki, ili siku akitaka kusema apate pa kuanzia."

Nabhan, alikuwa anakufungulia mlango. Miaka saba.

Nikamwambia yote hapo hapo. La mvinyo, la fedha, na kwamba mimi nilijua. La barua sikulijua bado. Alisikiliza, mkono kwenye sahani ya maembe. Mwisho akasema, "Ningekwenda naye hata kwa miguu hadi Mkoani, ningeridhika. Makka ilikuwa ziada." Kisha akalala, na alipoamka akauliza kama boti imeingia.

Aliuliza siku nane. Chupa yako ilikuwa Unguja, bandarini, kwenye mizigo ya Rukiya inayongoja ushuru. Safari ya boti moja. Mama akafariki Jumamosi alfajiri baada ya kusali. Rukiya aliingia uani siku ya khitma, amebeba kanga zako mbili, akakuta wanawake tumekaa. Aliponiona akaanza kulia kabla hajanipa.

Barua yako nimeisoma siku ile ile. Tarehe kumi na tano. Nilikasirika kiasi ambacho, kama ungekuwa mbele yangu, ningekupiga mbele ya watu wa matanga. Nilikaa na hasira ile wiki nzima. Bado ninayo. Lakini nimegundua kwamba haina tena pa kwenda, kwa sababu mtu niliyekuwa nakukasirikia kwa ajili yake alikusamehe na kisu mkononi.

Achari nimeitia mimi. Maembe yake, siki yako. Mjomba Zahor alisema tuionje, nikakataa. Nakuletea chupa nzima. Nguo zake nyeupe tulimzika nazo.

Mawadda


Hatta
20 Novemba 2015

Dada Mawadda,

Mei ilipofika sikuweza kuja, nisamehe. Kazi ya ghala nimeacha. Niko Hatta, milimani, karibu na mpaka wa Oman, kwenye shamba la mzee mmoja wa hapa. Namwagilia mindimu na mitende. Mshahara ni nusu ya ule, na mzee huyo, arbab tunavyomwita, anapiga kelele kutwa, lakini jioni mikono inanuka majani. Hesbon alinileta kwa gari yake. Aliponiacha akasema, "Mimi ndiye nilikuambia uweke doo, buda. Mimi ndiye." Nikamwambia wewe ulisema ungeweka zako. Za mama niliweka mimi.

Maalim wa Al Warqa ameniambia naweza kuhiji kwa niaba ya mama. Ila mtu hahiji kwa ajili ya mwenziwe mpaka ahiji kwanza kwa nafsi yake. Kwa hiyo ni safari mbili, ile yangu na ile yake. Zile zile mbili nilizotaka kuzipata kwa mara moja. Kwa mshahara huu sijui ni miaka mingapi, na sitalipia kitu ambacho hakijakuwa ili nifike upesi. Nitakwenda polepole. Kama sitafika, wewe utajua nilikuwa njiani.

Achari imenifikia mwishowe. Iliniweka wiki tatu naitazama dirishani. Jana nilipika wali, nikaifungua. Wenzangu wa chumbani, Wabengali wawili, wakanusa wakasogea. Nikawapa. Kipande cha kwanza nilipokitia kinywani nililia mbele yao. Mmoja akaniongeza wali. Ni kali, dada, na chumvi imezidi kidogo, kama alivyokuwa akitia siku zote.

Chupa nimeiosha, Rukiya atakurudishia. Iweke jikoni pa mama.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho ya kufichwa kwenye kopo. Ijumaa baada ya sala nitapiga simu. Iweke sauti ya juu, kama alipokuwapo.

Nduguyo,
Nabhan